Wifi, Nimepewa Vidonge Tena

*Karakana ya makochi, 11 Februari*

Wifi yangu,

Habari za huko? Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la Mama, ambalo limekuwa kama mkwe mwenye gubu: kila siku lina neno. Mwanao Kasuku amefaulu hesabu na amepoteza viatu, yote mawili katika wiki moja. Mume wako hajambo. Asubuhi anapanda nguzo zake za umeme, jioni anashuka, anakula, analala. Unamjua mdogo wangu. Maneno yake ni ya mgao.

Sasa nikuulize. Ijumaa ile tulifua mapazia. Mama alikaa mlangoni tangu adhuhuri na goti lake juu ya kigoda. Watu wa nyumba ya tiba walikuwa wametuambia umemaliza, umepona, wenzako wamekupigia makofi na kukusindikiza. Gari likafika, watu wakashuka, wewe hukushuka. Jumatatu ndipo mshauri wako akatupigia simu kusema umepanga chumba hukohuko na umepata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Kufua! Wewe uliyekuwa unasimama dirishani na koti jeupe, unawapimia watu dawa na kuwaambia wasinywe kabla ya chakula.

Mimi sijui kupaka maneno asali. Kama kuna mtu huku amekuudhi, sema. Kama ni mimi, sema pia, ingawa nitabisha. Nakumbuka nilivyokuita siku ile nilipofungua zipu ya mto wa kochi lako, kochi nililolishona kwa mikono yangu, nikakuta vidonge vimejaa mahali pa sponji. Niliyoyasema niliyasema. Lakini sikuyasema ili usirudi.

Andika, maana simu hutaki.

Wifi yako, fundi

*Chumbani kwangu, 2 Machi*

Wifi, shikamoo.

Nimefurahi kupata barua yako. Mpe Mama pole ya goti, na viatu vya Kasuku vitafutwe chini ya ngazi za shule; hata vile vya mwaka juzi vilipatikana hapo.

Simu siikatai kwa kiburi. Namba ya yule kijana aliyekuwa akiniletea vidonge nimeifuta kwenye simu, ila kichwani haijafutika, na vidole vina akili yao. Mshauri alishauri nikae bila simu kwa muda. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Chumba changu ni kidogo. Kina kitanda, meza, ndoo mbili, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kazini tuko wanawake sita. Mimi na mwenzangu mmoja tunakunja mashuka yakitoka kwenye mashine ya kukausha, na anayepiga pasi ni mama mmoja mtu mzima tunayemwita Mama Pasi, ambaye husema kidogo na kukohoa sana kwa sababu ya mvuke. Shuka likiwa bado la moto, joto linakupanda mpaka kwenye viwiko. Hiyo ndiyo saa ninayoipenda.

Umeuliza kwa nini sikuja. Nilikwenda stendi na begi langu. Nilipanda, nikakaa dirishani. Kondakta akaanza kuita jina la kwetu, nikashuka. Sina sababu nzuri kuliko hiyo. Nilijiona nafika mlangoni, ninyi nyote mmesimama, mnautazama uso wangu kuona kama una furaha.

Sijagusa kitu, wifi. Niko salama. Kasuku aniandikie hata mstari mmoja.

Wifi yako

*Karakana, 20 Machi*

Wifi,

Huku salama. Viatu vilikuwa chini ya ngazi.

Nimeisoma barua yako nikiwa na misumari mdomoni, nusura niimeze. Uso wenye furaha! Nani amekudai furaha? Umeacha vidonge, ambalo ndilo tulilokuwa tunaliomba usiku na mchana. Mwili unao, mtoto unaye, mume hajaleta mwanamke mwingine ndani. Sasa unalilia nini tena? Mtu akitolewa kisimani hakai ukingoni kutazama maji. Oga maji ya baridi, sali, tembea, usilale mchana. Ndiyo dawa.

Kasuku bado anajua uko mafunzoni. Tulimwambia hivyo siku uliyochukuliwa yeye akiwa shuleni, na mpaka leo hajalipenda neno hilo. Nimempa karatasi na kalamu akuandikie. Amechora mbuzi. Hakuandika neno. Nakutumia mbuzi wako.

Wifi yako, fundi

*Karakana, 28 Aprili*

Wifi, je, mbuzi alifika? Hatujasikia neno. Mama anauliza. Mume wako haulizi, lakini kila mtu wa posta akipita, yeye husimama.

*Karakana, 6 Juni*

Wifi, sitaki maneno mengi. Andika "nipo". Hata kwenye kipande cha shuka.

*Chumbani, 24 Juni*

Wifi, shikamoo.

Nipo.

Barua zako zote zilifika. Mbuzi nimembandika ukutani juu ya meza. Nisamehe kwa kimya, na naomba uisome hii yote kabla hujamwita mtu.

Nianze na lile utakalolitafuta kwanza: sikurudia. Sikumeza kitu, sikumpigia yule kijana. Nililala tu. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa kazi, nikasema nitapumzika Jumapili. Jumapili ikawa Jumatatu. Haikuwa huzuni ya kulia, kulia ningeshukuru. Nilikuwa naitazama ndoo ya maji hatua mbili kutoka kitandani, na kuinuka kwenda kuoga naona ni safari ya kuagwa na ukoo mzima. Mchana ulikuwa unapita dirishani kama mgeni aliyekosea nyumba. Ulinishauri nioge maji baridi na nitembee. Ushauri ulikuwa mzuri, wifi. Miguu ndiyo haikuwepo.

Na aibu. Wenzangu wa nyumba ya tiba walinipigia makofi, ninyi mlifua mapazia. Ningeanzaje kusema kwamba siku za vidonge nilikuwa sijisikii hivi?

Kazini walikuwa wamekwisha ajiri mwingine nusu siku. Ndipo Mama Pasi akaja. Alibisha hodi, hakujibiwa, akaingia, akaigeuza ndoo tupu na kuikalia. Nikamwambia sina la kusema. Akanijibu, "Sikuja kusikia. Nimekuja kukaa." Akakaa mpaka jua likazama, anakohoa tu. Kesho yake akaja tena, na siku ya tatu akanivalisha viatu kama mtoto akanipeleka zahanati.

Daktari ni mwanamke kijana. Aliniuliza mengi bila haraka. Aliniuliza kama nimewahi kutamani nisiamke. Nilimjibu kweli. Wewe nitakujibu siku tukikaa pamoja. Kwenye karatasi sitaki. Akaniambia huu ni ugonjwa na una jina, unaitwa sonona, na huenda nilikuwa nao kabla hata sijaanza vidonge. Nikakumbuka mwaka ule baada ya operesheni ya mgongo, maumivu yalipokwisha nami nikaendelea kumeza. Nilikuwa nimeufunika tu. Sasa nimeondoa kifuniko na chungu kiko palepale.

Wifi, nimepewa vidonge tena.

Si vile; jina lake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mimi ni mtu wa dawa, hivi navijua. Havilevyi. Havikupandishi wala kukushusha. Siku unayomeza huoni chochote, na zinapita wiki kabla hujaona tofauti. Nimewahi kuwapa watu wengi kupitia lile dirisha na kuwatia moyo. Lakini kichwa kikijua, mkono haujui. Mkono unaona kidonge tu. Niliposikia vinavyolia ndani ya kichupa, mate yalinijaa mdomoni, nikakiweka chini kama kinaunguza.

Kiko mezani, chini ya mbuzi. Sijakifungua. Sikuombi ruhusa. Nataka tu mtu mmoja wa kwetu ajue.

Wifi yako

*Karakana, 5 Julai*

Wifi,

Usimeze.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mdogo wangu. Alisimama, akatoka, akarudi giza limekwisha ingia. Mama hatujamwambia, ana presha.

Aliyetafunwa na nyoka hachezi na kamba. Ulianza vipi mara ya kwanza? Si kwa daktari? Si kwa cheti na mhuri? Ukasema vilevile, hivi navijua, mimi ni mtu wa dawa. Tukakuamini, mpaka mto wa kochi ukafunguliwa. Sasa daktari mtoto amekupa kingine na jina zuri juu yake. Kila mtu ana majonzi. Hatumezi majonzi kwa maji.

Rudi nyumbani tukutunze sisi. Na kama utavimeza, usituandikie, kwa maana sitakuwa na la kumwambia mtoto.

Fundi

*Chumbani, 19 Julai*

Wifi, shikamoo. Nakusalimu wewe, Mama, Baba Kasuku na mwanangu.

Nimekusikia. Nilikaa na barua yako siku kadhaa, kisha nikaanza kumeza. Kichupa hakikai kwangu. Anacho Mama Pasi. Asubuhi tukifika kazini ananipa kimoja, ananitazama mpaka nimeze, kisha ananifungulisha kinywa kama mganga wa mifugo. Wenzetu wanacheka. Nami nawaacha wacheke.

Kazi nimerudishiwa. Umesema nisiwaandikie, kwa hiyo sitaandika tena mpaka utakaponiita. Sina kinyongo. Mwambie Kasuku mbuzi wake hajambo.

Wifi yako

*Karakana, 30 Agosti*

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Mama goti limetulia tangu mvua zikatike. Mimi ndiye sijatulia. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka kijana wa duka la karatasi ananiuliza kama nimefungua shule.

Kuna jambo la kwetu ambalo hukulikuta, maana ulikuwa hujaolewa. Unajua niliachika. Unajua nilikwenda kwa marehemu mjomba kujifunza ufundi wa makochi. Ndivyo inavyosimuliwa, na mimi mwenyewe huisimulia hivyo, na kicheko juu yake. Lakini sikwenda kujifunza. Nilipelekwa. Nilikuwa nimelala chumba cha nyuma, uso ukutani, kwa miezi sijui mingapi. Nywele zilishikana zikawa kama zulia. Mama akiulizwa anasema malaria. Malaria gani hiyo isiyotetemesha mtu? Mwisho wakachoka, wakanipeleka kwa mjomba kwa sababu alikuwa hana mke wa kulalamika.

Mjomba hakuniambia inuka. Hakuniambia nioge. Aliniletea gunia la sufi ya kujazia mito, akalimimina kitandani palepale nilipolala, akasema, "Toa mbegu." Akaenda zake. Basi nikatoa mbegu nikiwa nimelala. Baada ya siku nyingi nikaketi, si kwa kupona, ila sufi huingia puani ukiwa umelala. Baadaye akaniletea sindano. Watu husema nina mkono wa kazi hii. Sikuwa na mkono wowote. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Hakuna aliyewahi kuniambia lile lilikuwa nini. Mama mpaka leo ukimtajia anageuza maneno, anauliza habari za chumvi. Halafu wewe ukaliandika, sonona, na neno hilo likanipiga kama kutajiwa jina la mtu niliyeishi naye chumba kimoja mwaka mzima bila kumjua. Nilitetemeka, wifi. Nikakutukana ili nisitetemeke.

Juzi nikachukua lile jina la dawa uliloandika, nikaenda dukani kwenu, dirisha lako lilelile. Binti aliyechukua nafasi yako hanijui. Nikajifanya dawa ni zangu. Nikamwuliza, hizi zinalevya? Akasema hapana. Nikamwuliza, mtu aliyewahi kuharibikiwa na nyingine anaweza kuzitumia? Akasema anaweza, na ni vizuri awe na mtu wa kumsimamia. Kisha akanishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mama, usikate tamaa. Wiki za mwanzo ndizo ngumu." Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje kama mgonjwa kweli. Nilikuwa na umri wa binti yule wakati ule, na ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia hivyo.

Meza, wifi. Na umshukuru Mama Pasi kwa niaba yangu.

Mdogo wangu nimemweleza yote, langu na lako. La kwangu alikuwa mdogo, hakulijua. Aliniuliza swali moja tu: je, alikuwa akiniudhi wakati ule kwa kelele zake? Nikamwambia hapana, nilipenda kumsikia akicheza uani.

Kasuku naye nimemwambia. Nimemwambia uko mgonjwa, unatibiwa, na hapakuwa na mafunzo. Akauliza kwa nini tulimdanganya. Nikashika nyundo yangu, naye hakunikaribia mpaka jioni. Kisha akaandika hii ninayoifunga humu. Sikuisoma. Naam, niliisoma.

Wifi yako, fundi

*(Ndani yake, karatasi ya daftari la mistari:)*

Mama, yule si mbuzi. Ni mbwa.

*Chumbani, 17 Septemba*

Wifi yangu mzuri, shikamoo.

Nimecheka. Sikukusudia, kilitoka chenyewe, kwa sauti, mpaka Mama Pasi akatoka kwenye mvuke wake kuja kuona ni nani. Nikamwonyesha karatasi. Akamtazama yule mnyama muda mrefu, akasema, "Hata mbwa si mbwa." Lakini hilo usimwambie mtoto.

Barua yako nimeilalia. Sikujua, wifi. Miaka yote naingia karakana yako, nakaa juu ya magunia yako, nakunywa chai yako, nakuona mwanamke asiyeyumba. Ningejua, huenda ningekuambia mapema. Au nisingekuambia, sijui. Natamani tu ningekuwepo nikutolee mbegu upande wa pili wa kitanda.

Dawa naendelea nayo. Usitarajie habari kubwa. Sijawa na furaha. Lakini wiki iliyopita nilikuwa nakunja shuka nikagundua nina njaa, njaa ya kweli, nikamwacha mwenzangu na ncha mbili mkononi nikaenda kununua chapati. Siku nyingine inakuja mbaya, nakaa kitandani na viatu mkononi. Hiyo nayo huwa inapita, ingawa siioni ikipita.

Nimeomba ruhusa ya siku chache mwishoni mwa Oktoba. Nataka kuja. Nina ombi moja: msisimame mlangoni. Kaeni ndani mkifanya kazi zenu, nami nitaingia kama mtu aliyetoka sokoni. Na kichupa nitakukabidhi wewe.

Wifi yako

*Chumbani, 6 Novemba*

Wifi yangu, shikamoo.

Nimefika salama. Mpe Mama shukrani kwa kila kitu, hasa kwa kukaa jikoni kimya siku ile naingia; najua ilimgharimu. Mama Pasi ameupenda mto uliomshonea, anaukalia hata akiwa hana haja ya kukaa. Msimamizi nimemwambia nitafanya kazi mpaka mwisho wa mwaka, kisha nitahamia nyumbani. Dirishani sitarudi. Nitatafuta kazi isiyo na dawa ndani yake.

Nakuandikia haraka kwa sababu asubuhi ile ya mwisho ulikwisha ondoka kwenda karakana, na mambo yaliyotokea sidhani kama mdogo wako atakueleza.

Siku zote ulinipa kidonge chumbani kwako, mlango umefungwa. Siku hiyo uliniachia kwenye kisahani, juu ya meza ya chakula. Sijui kama ulisahau au ulikusudia; usiniambie. Nilipokuja, Mama alikuwa ameketi, Baba Kasuku anafunga kamba za viatu vya kazi, na Kasuku anakula. Kisahani katikati. Kila mtu amekiona na kila mtu anatazama kwingine. Nikafikiri kukichukua nikatoke nacho. Kisha nikavuta kiti.

Kasuku akauliza, "Ndiyo dawa yenyewe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ya nini?"

Mama akakohoa kumnyamazisha. Nikasema, "Ni ya ugonjwa wa huzuni. Ile nyingine ilikuwa mbaya kwangu, ilinifanya nikose akili. Hii inanisaidia kuamka."

Akatafuna. "Itaisha lini?"

"Dawa au huzuni?"

"Zote."

Ningeweza kumwambia mwakani. Ningeweza kumwambia upesi. Nikasema sijui, daktari naye hajui, ila sitamficha tena. Hakulia wala hakunikumbatia, wifi, wala usije ukawasimulia watu hivyo. Alisogeza gilasi yake ya maji upande wangu, alikuwa amekwisha kunywa nusu, akaendelea kula. Nikameza kwa maji yake.

Baba Kasuku alinibebea begi mpaka stendi. Njia nzima kimya, kama kawaida yake. Nilipokwisha keti dirishani akabaki amesimama chini, mkono juu ya bati la gari. Akaniuliza, "Ukirudi moja kwa moja, nikae kimya au niongee? Sijui lipi linakuumiza."

Wifi, mwaka mzima nilikuwa nadhani kimya kile ni hasira.

Nikamwambia, "Ongea. Hata ukikosea."

Kisha akaanza kunieleza habari za transfoma mpya waliyoifunga karibu na shule, inavyopoozwa kwa mafuta, jinsi ya zamani ilivyoungua, nani alilaumiwa na nani ndiye hasa mwenye kosa. Aliongea mpaka kondakta akafunga mlango, akatembea kando ya gari akiongea, na lilipogeuka barabarani bado nilikuwa naona mdomo wake unakwenda. Sikuelewa hata nusu yake. Nilisikiliza yote.

Wifi yako